Windows 10 imeachwa, kompyuta zangu haziingii Windows 11: nihamie Linux?

Swali

"Habari za kazi, mwalimu. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Arua. Kompyuta ni tano: nne ni Core i3 za zamani zenye RAM ya GB 4, ya tano ni nzee zaidi na ina GB 2 tu. Zote zina Windows 10. Fundi wangu anasema Windows 10 imekwisha, Windows 11 haiingii, kwa hiyo ninunue mpya au aipitishe Windows 11 kwa ujanja. Kijana mwingine ananiambia niweke Linux, ni bure. Ninaogopa mambo matatu: printa zangu mbili (HP LaserJet P1102 na Epson L3110 ya wino), kazi za wateja zinazokuja kwa Word, na bando, maana intaneti yangu ni ya modemu ya simu. Stima nayo inakatika ovyo. Nifanye nini?"

Jibu

Dada, hamia. Linux ni mfumo endeshi kama Windows, nao una matoleo mengi. Kwa duka kama lako ningechukua toleo la Linux Mint, ile ya Xfce, yenye sura nyepesi kwa mashine za zamani, na ningebakiza kompyuta moja ya Windows kwa kazi zisizo na njia nyingine. Ila usimruhusu yule kijana afute mashine zote Jumamosi jioni ili Jumatatu ufungue duka na mfumo mpya. Mteja amesimama mezani, ana haraka, karatasi haitoki: hasara ya duka la kuchapa iko hapo. Kwa hiyo nitaanza na printa, niende kwenye faili za wateja, halafu bando. Kuhusu kusakinisha kwenyewe nitasema machache, maana ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Kwanza huyo fundi wako. Kuhusu tarehe hakukudanganya. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazikuzimika siku ile na hazitazimika. Kilichokatika ni viraka vya usalama, kwa hiyo kila tundu jipya linalogunduliwa linabaki wazi. Upo mwaka mmoja wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, nao unafika mwisho 13 Oktoba 2026, lakini unataka akaunti ya Microsoft na Windows 10 ya toleo la 22H2. Tena kama Windows zako zilifunguliwa kwa zile programu za kuvunja leseni ambazo mafundi hutembea nazo kwenye fleshi, kumbuka kwamba ili programu ile ifanye kazi fundi alizima antivirasi kwanza. Hakuna ajuaye kilichoingia pamoja nayo. Kwa mashine inayoshika mikataba ya viwanja, barua za kazi na mitihani ya shule za watu, hilo peke yake linanitosha kusema badilisha.

Windows 11 inataka kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Core i3 nyingi za zamani zinazozunguka Uganda ni za kizazi cha pili na cha tatu, za 2011 na 2012. Ujanja wa kuipitisha upo na kweli inaingia. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine zilizoingizwa hivyo hazina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo tunayotafuta. Ukijumlisha na RAM ya GB 4 tu na diski ya kuzunguka, utaisubiri Word ifunguke mpaka mteja ahamie duka la jirani.

Sasa printa.

P1102 ni printa nzuri na imejaa Uganda nzima, lakini ina mambo mawili ya kujua kabla. La kwanza: ikichomekwa kwenye kompyuta ngeni hujitangaza kama CD yenye draiva za Windows ndani yake. HP wanaita Smart Install. Kwenye Windows ni msaada. Kwenye Linux kompyuta inaweza kuona hiyo CD tu na printa isionekane kabisa. Inazimwa kwa kiprogramu cha HP kinachoitwa SIUtility, kilichomo kwenye CD ya draiva iliyokuja na printa, nacho kinaendeshwa ndani ya Windows. Ndiyo sababu nasema usiifute Windows kwanza. Zima hiyo Smart Install leo, ukiwa bado na mahali pa kuizimia.

La pili: Linux Mint inakuja na HPLIP, programu huria (yaani msimbo wake uko wazi kwa wote) ambayo HP wenyewe wanaitunza kwa ajili ya printa zao. Kwa printa nyingi za HP hiyo inatosha. Kwa P1102 haitoshi. Inahitaji kipande cha ziada ambacho HP hawajakifungua, na Mint haiji nacho. Dalili yake inachanganya watu: printa inaonekana kwenye orodha, inapokea kazi, foleni inasema imemaliza, na karatasi haitoki. Mtu anaamua Linux imeua printa. Fungua dirisha la amri, uwe na intaneti, andika:

hp-plugin

Fuata maswali, kubali leseni, zima printa uwashe tena. Si faili kubwa. Kipande hicho lazima kilingane na toleo la HPLIP lililomo kwenye mashine, kwa hiyo siku utakapopanda kwenda Mint ya mfululizo mwingine utarudia amri hiyo. Hii ni sababu mojawapo ya kupenda toleo la muda mrefu. Mint ya mfululizo wa 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine maarufu, na itapata masasisho hadi Aprili 2029, bila kukulazimisha kubadilisha misingi kila baada ya miezi.

Epson L3110 ina upole zaidi. Draiva yake ya kuchapa imo kwenye hazina ya programu za Mint kwa jina printer-driver-escpr. Mara nyingi ukichomeka waya inajipanga yenyewe. Kwa skana jaribu kwanza programu ya Document Scanner iliyomo tayari, na ikikataa, Epson wana Epson Scan 2 ya Linux kwenye tovuti yao. Wana pia kiprogramu cha Linux cha kuangalia wino na kusafisha kichwa. Kiweke mapema, kabla wino haujaganda siku ya kazi za harusi.

Haya yote unaweza kuyajaribu bila kugusa diski ya kompyuta hata kidogo. Mint inawaka kutoka kwenye fleshi na kufanya kazi ndani ya RAM. Ukizima, Windows yako iko vilevile. Tenga asubuhi moja yenye wateja wachache, washa kwa fleshi, chomeka P1102, endesha hp-plugin, chapa ukurasa wenye picha na jedwali. Chomeka Epson, chapa, skani kitambulisho pande mbili. Chomeka na modemu yako uone kama inashika mtandao. Nyingi za USB zinashika zenyewe, unachagua nchi na kampuni ya simu basi. Printa zote mbili zikitoa karatasi kwa fleshi, umeshavuka mto. Moja ikigoma, umejua bila kupoteza hata mteja mmoja.

Faili za wateja zinahitaji subira kuliko printa, kwa sababu printa inagoma waziwazi, ila faili inaweza kuharibika kimyakimya. Dawa yangu ni hii: weka LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayofungua faili za Word, kwenye Windows ulizonazo sasa, kwenye mashine zote, na waambie wafanyakazi waitumie kwa wiki kadhaa huku Word ipo pembeni. LibreOffice ni ileile kwenye Windows na kwenye Linux. Watajifunza vitufe vyake bila hofu ya mfumo mpya, na siku ya kuhama watakuta programu wanayoijua. Wafanye vivyo hivyo na kivinjari cha Firefox: fomu za pasipoti, za kodi, za vitambulisho, zote wazijaze humo. Zikipita kwenye Firefox ya Windows, zitapita kwenye Firefox ya Linux.

Katika kipindi hicho toa kazi zako ngumu uzifungue moja moja: CV yenye majedwali, ripoti ya mashirika yenye nembo na vichwa vya kurasa, mtihani wa hesabu, mkataba ambao mtu alipanga nafasi za sahihi kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara hamsini. Linganisha na nakala iliyochapwa kwa Word. Utaona kwamba chanzo kikubwa cha vurugu ni fonti. Word za tangu 2007 zilitumia Calibri kama fonti ya kawaida, nayo Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. Badala yake kuna Carlito, iliyochorwa makusudi ili kila herufi ichukue upana uleule wa Calibri, kwa hiyo mistari inakatika palepale na kurasa hazihami. Caladea inafanya hivyo kwa Cambria, na familia ya Liberation inafanya hivyo kwa Arial na Times New Roman. Hakikisha zipo:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Word za karibuni zimebadilisha fonti ya kawaida kuwa Aptos, na hiyo bado haina pacha wa namna hiyo. Mfanyakazi wa shirika aliye na laptopu mpya akikuletea ripoti ya Aptos, kurasa zitasogea: kichwa cha habari kitabaki chini ya ukurasa peke yake, jedwali litakatika katikati. Kwa wateja hao nina sheria moja, na ningeibandika ukutani: anayetaka kuchapa tu, alete PDF. PDF kwa kawaida hubeba fonti zake ndani, inatoka ileile kwenye mashine yoyote. Anayetaka marekebisho, na karatasi ina Aptos, apelekwe kwenye ile kompyuta ya Windows.

Jambo dogo lenye uzito: LibreOffice kwa kawaida huhifadhi kwa muundo wake wa ODT. Mimi naupenda, ni muundo wa wazi usio na mwenyewe, lakini mteja anayeondoka na faili ya ODT na kuifungua kwenye simu yake atarudi kulalamika. Ingia kwenye menyu ya Tools, Options, Load/Save, General, uamuru kazi zote zihifadhiwe kama Word. Fanya hivyo kwenye kila mashine.

Kwa kadi za harusi, programu za mazishi na mabango madogo, nadhani unatumia Publisher, kama maduka mengi. Hapa kuna habari ambayo mafundi wengi hawaisemi: Microsoft wenyewe wanaizika Publisher. Wametangaza kwamba baada ya Oktoba 2026 haitakuwa na huduma, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua faili zake humo. Hata ungebaki Windows, hifadhi yako ya kadi za miaka yote iko hatarini. Anza sasa kuzigeuza kuwa PDF zile unazozitumia tena na tena. LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher, na hata za CorelDRAW, si kwa ukamilifu lakini kwa kiasi cha kuokoa maandishi na picha. Kwa kazi mpya fundisha mtu mmoja Inkscape, programu huria ya kuchora, mmoja tu, yule mwenye jicho la urembo, naye atawafundisha wengine.

Kwa wateja wanaovuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, na barua zao za Kifaransa, Mint ni raha tupu. Katika mipangilio ya kibodi chagua Alt ya kulia iwe kitufe cha Compose. Ukikibonyeza, kisha alama ya ', kisha e, unapata é. Hakuna tena kukariri namba za Alt.

Vipo vitu ambavyo Linux haitakupa. Programu za hesabu za biashara kama QuickBooks na Tally hazina toleo la kusakinisha kwenye Linux. Fomu za Excel zenye makro (amri za kujiendesha) nzito mara nyingi hukataa kwenye LibreOffice. Watu watakuambia utumie Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Kwa mtu binafsi mwenye muda wa kuchezea, sawa, lakini kwa duka lenye foleni sikushauri. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta moja uliyobakiza, na hiyo isiwe mahali pa kila fleshi ya mtaani kuchomekwa.

Na hizo fleshi nazo zina habari njema. Unavijua vile virusi vinavyoficha faili za mteja na kumwachia njia za mkato, mtu analia kwamba kazi yake yote imepotea. Virusi vya Windows haviendeshwi na Linux, kwa hiyo mashine yako haiambukizwi navyo. Zaidi ya hapo, vingi vinachofanya ni kuwasha alama ya "iliyofichwa" kwenye faili, na Linux haijali alama hiyo kwenye fleshi za kawaida. Ukiifungua kwenye Mint utaona njia za mkato za uongo, na pembeni yake utaona folda halisi. Wakati mwingine folda hiyo inaonekana kama haina jina, kwa sababu kirusi kimeipa jina la herufi moja isiyoonekana. Ifungue. Kazi ya mteja imo humo, nzima. Inakili kwenye kompyuta, futa kila kitu kwenye fleshi, rudisha. Nimeona watu wakishika kichwa kwa furaha. Hii ni huduma unayoweza kuitoza pesa kwa haki kabisa. Ila angalizo: faili yenye kirusi unaweza kuipokea kwa mteja huyu na kumpa mwingine bila wewe kuumwa. Ndiyo maana nasema fleshi yenye njia za mkato isafishwe yote, pasinakiliwe chochote zaidi ya nyaraka.

Bando. Faili ya Mint ni karibu GB 3, na baada ya kusakinisha kuna masasisho ya kwanza ambayo nayo si haba. Usipakue mara tano. Pakua mara moja usiku bando likiwa na bei nafuu, au mtu wa Kampala akutumie fleshi kwa basi. Njia ya fleshi ni halali kabisa, leseni inaruhusu kunakili na kugawa, lakini ihakiki. Mwezi Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuelekeza watu kwenye faili iliyowekewa mlango wa siri. Ukiwa kwenye Windows, fungua dirisha la amri kwenye folda yenye faili uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Itatoka safu ndefu ya herufi na namba. Ilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya Mint, mwanzo hadi mwisho. Kama hazifanani, usiitumie, hata kama aliyekuletea ni ndugu yako.

Bando pia ndiyo sababu nimesema Mint na sikusema Ubuntu, ingawa Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Ubuntu huleta Firefox na programu nyingine kwa mtindo wa vifurushi viitwavyo Snap, na Snap hujikagua na kujisasisha yenyewe mara kadhaa kwa siku isipozuiwa. Ofisi yenye intaneti ya kulipia kwa mwezi haitajua. Kwa modemu ya simu, unaweza kuamka umebaki na ujumbe wa kampuni ya simu kwamba bando limekwisha. Mint iliiondoa Snap tangu toleo la 20 mwaka 2020, na masasisho yake husubiri wewe ubonyeze. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye duka la programu la Mint ukiona kitu kipo kwa namna mbili, ya kawaida na ya Flatpak (vifurushi vya mtindo mwingine), chagua ya kawaida. Flatpak hubeba mizigo yake yote na hula data.

Kwa kuwa mashine ziko kwenye chumba kimoja, fanya na hili. Kwenye kompyuta moja, tuseme yenye anwani 192.168.1.10, weka apt-cacher-ng, ghala la kutunzia masasisho:

sudo apt install apt-cacher-ng

Kwenye hizo nyingine tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy yenye mstari huu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kuanzia hapo, sasisho lililopakuliwa na mashine moja linabaki ghalani kwenye ile ya kwanza, na nyingine zinalichukua humo kwa waya bila kugusa modemu. Masasisho ya kompyuta nne yatakugharimu data ya karibu kompyuta moja. Ile yenye ghala lazima iwe imewashwa wakati nyingine zinasasishwa, na anwani yake isibadilike. Mwambie kijana wako aifunge kwenye ruta, kifaa kinachogawa mtandao dukani.

Kuhusu stima sina maajabu. Mfumo wa faili wa ext4 unaotumiwa na Mint huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa faili kabla ya kuyafanya, hivyo umeme ukikatika ghafla mashine kwa kawaida inaamka salama. Kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea kama kawaida. LibreOffice hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika 10. Ishushe hadi 2 kwenye mipangilio ileile ya Load/Save. Na tafadhali nunua UPS (betri ya akiba) ndogo hata moja kwa kompyuta yenye faili zote.

Nikirudi kwenye wasiwasi kwamba cha bure si cha kazi: simu ya Android iliyo mkononi mwako inatumia kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Takwimu za afya za Uganda nzima zinapita kwenye DHIS2, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Wizara ya Afya imeitumia nchi nzima tangu 2012. Mfumo wa UgandaEMR unaotunza faili za wagonjwa kwenye vituo vya afya umejengwa juu ya OpenMRS, huria vilevile. Watu wa hapa wanazirekebisha, wanazifundisha, wanalipwa kwa kazi hiyo. Hilo ndilo linalonifanya nisichoke kuzitetea: pesa iliyokuwa iende kwenye leseni ng'ambo inaweza kumlipa kijana wa Arua anayejua kukutengenezea.

Kusakinisha sasa. Nakili faili zote za duka kwenye diski ya nje, kisha ifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kweli zimo. Tengeneza fleshi ya Mint kwa Rufus, programu ya Windows ya kutengenezea fleshi za kuwashia. Washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP, chagua fleshi. Ndani ya Mint bofya alama ya kusakinisha, jibu lugha, kibodi, saa za Kampala, kubali ifute diski. Baada ya hapo fungua Timeshift, uchukue picha ya mfumo ukiwa mzima. Mtu akivuruga mipangilio unarudi nyuma kwa dakika chache. Picha hiyo ni ya mfumo, haigusi nyaraka za wateja, hizo endelea kuzinakili nje kila jioni.

Sikushauri kuweka Windows na Linux kwenye mashine moja. Inawezekana, wengi wanafanya, lakini wafanyakazi watarudi Windows kila wanapokwama na hamtahama kamwe. Anza na kompyuta moja ya mbele, ile ya kuchapa kazi fupi. Iache ifanye kazi mpaka siku yenye foleni kubwa ipite nayo bila tatizo, ndipo uhamishe ya pili na ya tatu. Ya nne ndiyo ibaki Windows. Kama una fedha za kitu kimoja tu, usinunue kompyuta mpya. Nunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ndogo kwa mashine moja moja kadri upatavyo. Core i3 ya 2012 yenye SSD na Mint Xfce itawashangaza wateja wako kwa wepesi.

Imebaki ile nzee ya GB 2. Mint 22 ni ya biti 64 tu, na Windows yake huenda ni ya biti 32, lakini hiyo haimaanishi prosesa ni ya 32. Hata Core 2 Duo za zamani ni 64. Iwashe kwa fleshi ya Mint. Ikikubali kuwaka, inafaa. Ikikataa kwa sababu ya prosesa, chukua Debian 12, Linux nyingine, kwa kuwa Debian 13 ya Agosti 2025 imeacha kusakinishwa kwenye mashine za biti 32. Kwa vyovyote GB 2 haitoshi kwa kivinjari cha siku hizi chenye kurasa nyingi wazi, kwa hiyo usiiweke mbele ya mteja. Chomeka Epson hapo, iwe ya kuskani na kupokea fleshi tu, na RAM ya aina yake ikipatikana kwa fundi wa mashine zilizokufa, iongezee hadi GB 4.